Lainingi za Ipogoro

Pikipiki ya marehemu baba bado ninayo: Yamaha DT 125, breki za dramu mbele na nyuma, aliyopewa kazini alipokuwa bwana shamba Iringa. Juzi nilifungua gurudumu la mbele, nikakuta shuu zina vipande vitatu vitatu vya lainingi vilivyopigwa riveti za shaba. Kiwandani shuu hutoka na kipande kimoja, kimebandikwa kwa gundi. Nikajua papo hapo ni kazi ya nani.

Vita vya Kagera viliisha 1979 vikaiacha nchi haina fedha za kigeni. Kipuri kikawa adimu kama sabuni. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Wenye maduka wakaficha bidhaa, wengine wakazitupa usiku. Baba alikuwa na vijiji vya kuzungukia, na milima ya kule haimsubiri mtu apate kibali cha kuagiza shuu.

Mkombozi alikuwa fundi mmoja wa malori pale Ipogoro, chini ya mji, ambako madereva wa njia ya Zambia walikuwa wakilala. Alichukua lainingi iliyochoka ya lori na kuikata kwa msumeno wa chuma. Dramu ya lori ni pana, kwa hiyo lainingi yake haina mpindo wa kukaa kwenye shuu ndogo ya pikipiki. Ndiyo maana ya vile vipande vifupi. Kisha tupa, saa nzima ya tupa. Mimi nilikuwa mshika taa, na kazi yangu nyingine ilikuwa kupuliza vumbi kwa mdomo. Lainingi za siku hizo zilikuwa na asbesto. Hakuna aliyetuambia.

Riveti aliizamisha chini ya uso wa lainingi, maana kichwa kikijitokeza kinachimba dramu, na dramu haina kipuri. Shuu inayovutwa na mzunguko wa gurudumu huuma zaidi na kuisha upesi, basi hiyo aliiwekea vipande vinene kidogo. Alipokuwa anarudisha gurudumu, baba aliwahi spana. Fundi akamzuia: “Bwana shamba, shika breki kwanza, ndipo ukaze nati.” Shuu zikibanwa ndani ya dramu, sahani inayozibeba inajipanga katikati yenyewe.

Vijana wa bodaboda huicheka dramu. Hawajui kwamba Cyril Neveu alishinda mbio za Paris–Dakar za kwanza, Januari 1979, kwa Yamaha XT 500 yenye dramu mbele na nyuma. Kweli, mwaka 1982 Kawasaki walikuwa wameshafunga diski mbele ya KX zao za mashindano. Lakini diski inataka mafuta yake na raba zake, na raba huwezi kuichonga kwa tupa. Pikipiki ya baba ingekuwa na diski, ingelala bandani mpaka masharti ya uagizaji yalipolegezwa 1984. Udhaifu wa dramu niliujua mtoni: maji yakiingia unabaki na wenzo mkononi na huna breki, mpaka uiburuze kidogo kidogo ikauke.

Safari hii sikupuliza. Nilifuta kwa kitambaa kibichi. Vichwa vya riveti vilibakiza unene wa ukucha kufika kwenye dramu. Nikafunga shuu mpya, nikapitisha ekseli. Mdogo wangu akashika breki, nikakaza nati.