Melton Mowbray: Mji wa Gulio la Jumanne

Melton Mowbray ni mji wa gulio katika kaunti ya Leicestershire, katikati ya Uingereza. Umekaa kando ya mto Eye, ambao ukishaupita mji hubadili jina na kuitwa Wreake. Wakazi wake ni kama 27,000 tu, lakini jina lake linajulikana nchi nzima kwa mnada wa mifugo, jibini la Stilton na pai za nyama ya nguruwe. Historia yake ni historia ya malisho yanayouzunguka na ya namna kazi moja ilivyozaa nyingine.

Gulio la Melton limetajwa katika Domesday, daftari la ardhi na mali lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, na ndilo gulio pekee la Leicestershire lililoandikwa humo. Sehemu ya pili ya jina la mji ilitokana na ukoo wa Mowbray, mabwana wa Kinormani walioitawala ardhi hiyo baadaye. Idhini ya kifalme ya kufanya gulio kila Jumanne ni ya mwaka 1324. Zamani kila bidhaa ilikuwa na kituo chake, kikiwa na msalaba wa mawe: palikuwa na msalaba wa siagi, wa nafaka na wa kondoo. Ule wa siagi na ule wa nafaka imejengwa upya, na wa nafaka sasa ni ukumbusho wa kikosi cha madaktari wa mifugo wa jeshi la Uingereza.

Utajiri wa magulio hayo unaonekana katika kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo ujenzi wake ulianza mnamo 1170 na kuendelea kwa awamu hadi 1532. Karibu nalo ipo nyumba ya mawe ambayo Mfalme Henry VIII alimpa Anne wa Cleves, mke wake wa nne, katika mapatano ya kuvunja ndoa yao. Leo nyumba hiyo ni baa na mkahawa.

Tukio lililoacha alama ya kudumu zaidi katika uendeshaji wa mji lilitokea 1549. Serikali ilikuwa ikitaifisha mali za vyama vya kidini, nao wenyeji wa Melton wakauza vyombo vya thamani vya kanisa na kwa fedha hizo wakaununulia mji ardhi. Mapato ya ardhi hiyo yaliendesha shule, iliyokwisha kutajwa katika kumbukumbu za 1347, pamoja na shughuli nyingine za umma. Taasisi iliyozaliwa hapo, inayoitwa Town Estate, ingali hai. Inasimamiwa na wadhamini kutoka miongoni mwa wakazi, inamiliki bustani za mji, na ndiyo inayoendesha gulio la mitaani la Jumanne na Jumamosi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipita hapa Februari 1645, pale wapanda farasi wa mfalme chini ya Sir Marmaduke Langdale walipowashinda wanajeshi wa bunge karibu na mji. Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yaliletwa na ugawaji wa ardhi wa karne ya 18. Mashamba ya wazi yaliyolimwa kwa pamoja yaligawanywa, yakazungushiwa nyua za miti, na mengi yakaachwa yaote majani ya kulishia ng'ombe na kondoo.

Uwanda huo wa majani uliwavutia pia wawindaji wa mbweha, kwani farasi angeweza kukimbia mbio ndefu na kuruka ua baada ya ua. Mipaka ya makundi matatu mashuhuri ya uwindaji, Quorn, Cottesmore na Belvoir, ilikutana karibu na Melton, hivyo mtu aliyepanga chumba mjini aliweza kuwinda karibu kila siku ya juma. Matajiri wa London walijenga nyumba za msimu wa baridi, na mji ukajaa watunza farasi, wahunzi na mafundi wa matandiko. Mchoraji John Ferneley, mzaliwa wa kaunti hiyohiyo, aliishi mjini akiwachorea wakubwa hao farasi wao. Wageni hao walikuwa na ghasia zao pia: Aprili 1837 Marquess wa Waterford na wenzake walilewa, wakapaka rangi nyekundu lango la ushuru wa barabara, milango ya nyumba na hata askari mlinzi aliyejaribu kuwazuia. Walifikishwa mahakamani na kutozwa faini ya pauni 100 kila mmoja.

Majani hayohayo ndiyo yaliyoleta jibini. Stilton ni kijiji kilicho mbali na Melton, kando ya barabara kuu ya zamani kutoka London kwenda kaskazini. Katika karne ya 18 Cooper Thornhill, mwenye nyumba ya wageni ya Bell kijijini humo, aliwauzia wasafiri jibini lenye mishipa ya ukungu wa buluu, nalo likaitwa kwa jina la kijiji chake. Mzigo mkubwa ulitoka kwa wake wa wakulima wa pande za Melton, na anayetajwa zaidi kati yao ni Frances Pawlett wa kijiji cha Wymondham. Jibini moja la duara lenye uzito wa kilo nane hivi hutumia zaidi ya lita 70 za maziwa. Likifikisha wiki sita hutobolewa kwa sindano ndefu za chuma ili hewa ipenye na ukungu usambae ndani. Tangu 1996 sheria inaruhusu litengenezwe Leicestershire, Nottinghamshire na Derbyshire tu. Kijiji cha Stilton kiko nje ya kaunti hizo, kwa hiyo hakiruhusiwi kutengeneza jibini lenye jina lake.

Maji yanayochujwa wakati wa kugandisha jibini hayakumwagwa; walinyweshwa nguruwe, wakanenepa. Nguruwe walichinjwa majira ya baridi, msimu uleule wa uwindaji, na pai zilizookwa kwa nyama yao ziliingia mifukoni mwa watunza farasi, kisha mwa mabwana wao. Mwaka 1831 mwokaji Edward Adcock alianza kuzipeleka London kwa gari la farasi la abiria. Reli ilipofika mjini 1846, soko lilipanuka zaidi, na duka la Dickinson & Morris katika mtaa wa Nottingham linaoka pai tangu 1851.

Pai ya Melton ina namna yake. Unga hukandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nguruwe, kisha hupandishwa kwa mkono kuzunguka kalibu ndogo ya mbao mpaka upate umbo la chungu. Ndani hujazwa nyama mbichi iliyokatwakatwa na kukolezwa chumvi na pilipili. Kwa kuwa haikukaushwa kwa dawa ya kuhifadhi, ikiiva huwa ya kijivu. Pai huokwa bila kopo la kuishikilia, ndiyo maana ubavu wake huvimba. Mwishoni mwokaji humimina supu nzito ya mifupa kupitia tundu la juu, nayo ikipoa huganda na kujaza nafasi kati ya nyama na ganda. Umoja wa Ulaya uliilinda pai hiyo kisheria, na jina la Melton Mowbray sasa ni haki ya waokaji wa eneo hilo wanaofuata masharti yake.

Karne ya 20 iliongeza kazi nyingine za wanyama. Kiwanda cha chakula cha mbwa na paka kilianza katika miaka ya 1950 na kuwa miongoni mwa waajiri wakuu, na jeshi hufundisha hapa mbwa na farasi wake. Kwa upande mwingine, uwindaji wa mbweha kwa mbwa ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2004.

Siku ya Jumanne ndiyo inayouonyesha mji vizuri zaidi. Mnada wa mifugo uko hatua chache tu kutoka katikati ya mji, wakati miji mingi imeuhamishia pembezoni au imeufunga kabisa. Magari ya wakulima huteremsha ng'ombe na kondoo kwenye mazizi ya vyuma, dalali hutaja bei kwa mwendo wa haraka, na mnunuzi hujibu kwa kutikisa kichwa tu. Kuku, bata na sungura wana mnada wao. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipolipuka 2001 minada ya mifugo ilisimamishwa nchi nzima, lakini wa Melton ulirudi. Pai nazo hazikusahaulika: tangu 2009 kanisa la Mtakatifu Maria limekuwa ukumbi wa mashindano ya pai ya Uingereza.

Melton haikuwahi kuwa mji mkubwa. Ilichokuwa nacho ni malisho, na wenyeji waliokubali kumiliki mambo ya mji wao kwa pamoja. Hayo mawili yametosha kulidumisha gulio lake kwa zaidi ya miaka 900.