Mabibi Harusi wa Mhonda

Kwetu Turiani ukoo ni wa mama. Wanguu, Wazigua, Waluguru, Wakaguru, majirani wote hawa wa upande ule wa Morogoro wameshika desturi hiyo moja. Shuleni utaandikwa jina la baba, kitambulisho kitabeba jina la baba, lakini wazee wakikaa kuulizana wewe ni nani hasa, wanatafuta tumbo lililokuzaa, na tumbo lililomzaa huyo aliyekuzaa, mpaka nyuma kabisa. Ndugu msomaji, shika neno hilo, manake bila hilo hutanielewa kwa nini nyumba moja kongwe ya Bagamoyo inanihusu mimi mtu wa chini ya milima ya Nguru.

Nyumba yenyewe ni ya masista, katika misheni ya Wakatoliki, na ilijengwa 1876. Siku hizi ni makumbusho. Ukiingia unakuta minyororo, picha za zamani na habari za biashara ya watumwa na misafara. Wageni wengi haraka yao ni mnara wa kanisa la kale, hapo hapo misheni, kwa sababu mwili wa Livingstone ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na kwenda kuzikwa London. Sawa. Akina Chuma na Susi walimbeba mzee wa watu kutoka kwa Chitambo mpaka pwani, si mchezo. Lakini miye mnara nawaachia wenye kamera. Nyumba ya masista ndiyo yangu.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Bagamoyo ndipo misafara ya bara ilipokuwa ikitua mizigo, pembe na watu. Wakawa wanawanunua watoto watumwa ili kuwakomboa, na wengine waliletwa baada ya majahazi kukamatwa baharini na manowari za Waingereza. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi, uashi na kilimo. Wasichana walikuwa chini ya masista. Aprili 1872 kimbunga kikali kikaibomoa misheni ile ile changa, ikabidi kujenga upya. Mwaka uliofuata Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, ingawa biashara yenyewe haikufa siku hiyo wala mwaka huo.

Sasa angalia tarehe. Nyumba ya masista 1876. Mwaka 1877 mapadri wakafungua misheni yao ya kwanza ya bara, na mahali walipopachagua ni Mhonda, Unguu, kwetu kabisa, jirani na Turiani ya leo. Huwezi kufungua kijiji cha Kikristo porini bila Wakristo. Basi walitolewa Bagamoyo: vijana waliolelewa misheni, wakaozeshwa wao kwa wao, wakapelekwa bara wakawe mbegu ya kijiji kipya.

Tumezoea kusimuliana kwamba Bagamoyo ni pa kubwaga moyo, mwisho wa safari. Kwa hawa haikuwa mwisho. Walishushwa pwani wakiwa watoto waliofungwa, wakapandishwa tena bara wakiwa wake na waume waliobatizwa, na huko walikorudishwa hakukuwa kwao. Mtoto aliyeibwa huko Nyasa au Manyema akapelekwa kuanzisha maisha Unguu, anaitwa jina la mtakatifu wa Ulaya, anazungumza Kiswahili cha pwani katikati ya Wanguu. Hebu jiweke wewe hapo.

Tena usidhani walikuwa kondoo tu wa kuswagwa. Mwanahistoria Paul Kollman, aliyepekua barua na kumbukumbu za mapadri hao na kutoa kitabu chake mwaka 2005, anaonyesha kwamba walikuwepo waliotoroka misheni, na walionung'unikia wazi kazi na maisha waliyopangiwa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Mtu aliyenunuliwa mara mbili, mara ya pili kwa nia njema, bado anaamua mwenyewe aende wapi.

Mimi nimesoma hadithi nyingi za vijana wenzangu kuhusu utumwa, na karibu zote zinaishia sokoni: mnyororo, mjeledi, kilio, mwisho. Mnyororo kwenye kioo unajieleza wenyewe, ndiyo sababu unaandikika kirahisi. Kazi ni huyu bibi harusi. Amefika Mhonda, kapewa kiwanja, amezaa binti. Binti amekua. Majirani wanauliza, kwa adabu tu, wanavyomuuliza kila mtu: ukoo wenu nani? Nchi nzima imejengwa juu ya swali hilo, nani umrithi shamba, nani usimuoe, nani akuzike. Na jibu lilipotelea njiani, labda siku ile mtoto alipokamatwa, akiwa hata hajui kulitamka vizuri.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Mhonda. Kwa hiyo ukoo wake ndio ukoo wa mama yangu, na ndio wangu. Siku moja nilimuuliza bibi yake yeye alikuwa wa ukoo gani. Akanitajia jina la ubatizo. Nikasema hapana bibi, nauliza ukoo. Akalirudia jina lile lile, akaendelea kupepeta mchele.

Ndiyo maana Bagamoyo sikwenda kutalii. Kutoka Turiani unakamata basi mpaka Msamvu, halafu Chalinze, Msata, unashukia pwani, safari ya siku moja ambayo mabibi harusi wale waliitembea kinyume, kwa miguu. Ndani ya makumbusho nilikaa muda mrefu kuliko wenzangu. Sidai kwamba bibi wa bibi yangu alilala katika vyumba vile. Ninachojua ni kwamba masista waliolea wasichana wa misheni ndio waliojengewa nyumba ile, na kwamba mwaka mmoja baadaye Mhonda ilipata watu.

Tangu hapo nimeanza daftari. Nikiwa nyumbani likizo napita kwa bibi wa Mhonda, mmoja mmoja, nauliza jina la mama, jina la mama wa mama, na ukoo. Wengine wananijibu haraka, ukoo wa Kinguu kabisa, na wananicheka kwa kuuliza jambo linalojulikana. Wengine wananipa ukoo wa mume. Wapo wanaosema wao ni watu wa misheni, basi, na kwenye nafasi ya ukoo nimeandika hivyo hivyo: watu wa misheni.