UZI: Sukari ilivyopotea 2017, kisha ikafurika

1. Bidhaa ikiadimika, mjadala wetu ni ule ule. Mrengo huu unasema ni walanguzi, ule unasema ni serikali. Walanguzi wapo, hiyo si siri. Lakini kuna jambo la tatu ambalo hakuna anayelipigia debe jukwaani. Twende polepole.

2. Miaka ya 1950 huko Kentucky, Marekani, General Electric ilikuwa na viwanda vya vifaa vya umeme vya nyumbani. Kuna wakati wafanyakazi walipiga shifti tatu, hata nne. Miaka michache baadaye nusu yao wako nyumbani, hakuna kazi. Jay Forrester wa chuo cha MIT akataka kujua kwa nini.

3. Akashika penseli na daftari, akapiga hesabu za oda. Akakuta wateja si shida kubwa. Shida ilikuwa jinsi kila mtu njiani alivyoagiza mzigo. Mwaka 1958 akachapisha hesabu zake: mauzo ya rejareja yakipanda asilimia 10, kiwanda kinaweza kupandisha uzalishaji kwa zaidi ya asilimia 40, halafu kiporomoke.

4. Inakuwaje? Chukua mfano. Mwenye duka amezoea kuuza pakiti 10, leo ameuza 11. Haagizi 11, anaagiza 13 asije akaishiwa. Muuzaji wa jumla akiona 13 anadhani mtaa mzima umeongeza ulaji, anaagiza 17. Mzigo ukichelewa, kila mtu anaongeza oda juu ya oda. Siku ukifika wote, stoo zinajaa na hakuna anayeagiza tena.

5. Wataalamu wanaita hii athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Miaka ya 1990 Procter & Gamble waliiona kwa nepi za Pampers. Matumizi ya watoto yalikuwa yale yale, lakini oda za wasambazaji zilipanda na kushuka ovyo.

6. Sasa turudi nyumbani, 2017. Ukame umebana, miwa iliyokomaa ni haba. Mavuno yanashuka kutoka tani milioni 7 hivi mwaka uliotangulia hadi chini ya milioni 5. Kilo ya sukari inapita shilingi 150. Na ni mwaka wa uchaguzi.

7. Mwezi Mei serikali ikaruhusu sukari iingie bila ushuru. Baadaye muda ukaongezwa hadi Desemba. Kila mwagizaji akaagiza kana kwamba yuko peke yake.

8. Matokeo: mwaka huo tuliingiza karibu tani milioni moja, takriban mara tatu ya 2016. Hiyo peke yake inakaribia kiasi ambacho nchi nzima hutumia kwa mwaka. Pengo lilikuwepo, ndiyo. Lakini mzigo uliokuja ulikuwa mkubwa kuliko pengo.

9. Nani alichapwa na ncha ya mjeledi? Mkulima. Miwa huchukua kama miezi 18 kukomaa. Aliyepanda akiangalia bei ya 2017 alikuja kukata miwa yake soko likiwa limeshiba. Viwanda vyetu vilikuwa na madeni na usimamizi mbaya tangu zamani, lakini sukari kulala stoo haikuwasaidia wakulima waliongoja malipo.

10. Mwaka 2018 tulibishana kuhusu magendo na zebaki. Agosti, Bunge likaitupa ripoti ya kamati yake. Swali la kawaida kabisa likapotea kwa kelele: wakati muda unaongezwa, kuna aliyehesabu tani zilizokuwa tayari baharini?

11. Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi "nitafungua mipaka", au "nitaifunga", muulize mambo matatu. Wananchi wananunua kiasi gani kwa wiki? Stoo zina kiasi gani? Meli ngapi ziko njiani? Asipojua, anachapa mjeledi gizani, na mgongo ni wa mkulima.