Ajieleze nani? Kutoka kipande cha manamba hadi meza ya CMA

Manamba aliyeletwa Tanga kutoka Kigoma au Songea kukata mkonge alikabidhiwa kadi iliyoitwa kipande. Kila alipomaliza kazi ya siku iliwekwa alama. Zikitimia alama 30, ndipo alipolipwa. Siku akikosekana shambani, wa kujieleza alikuwa yeye: chini ya sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya mwaka 1923, kutoroka kazi kulikuwa kosa la jinai, na mtoro aliweza kufungwa.

Mwaka 1926 Waingereza waliunda Idara ya Kazi Tanganyika, Meja Granville Orde-Browne akiwa Kamishna wake. Maofisa wake walikagua kambi za vibarua, chakula na matibabu yao. Uchumi wa dunia ulipoanguka, idara hiyo ikafungwa mwaka 1931, ikaja kufufuliwa miaka kadhaa baadaye. Hata hivyo, ubaguzi haukuwa jambo la kukaguliwa. Serikali yenyewe ilipanga mishahara ya watumishi wake kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mkaguzi angemkagua nani?

Baada ya Uhuru swali liligeuka. Waafrika walitaka nafasi walizonyimwa, na kwa muda serikali iliwapa kipaumbele katika ajira zake. Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba upendeleo huo umekwisha: kila raia ahesabiwe raia, awe na rangi yoyote. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walipinga vikali. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Usalama wa Kazi, iliyoanzisha kamati za wafanyakazi mahali pa kazi na mabaraza ya usuluhishi ili mwajiri asimfukuze mtu kwa hasira tu. Hata hivyo, rufaa iliishia kwa Waziri, na neno lake lilikuwa la mwisho.

Mageuzi makubwa yalisubiri karibu miaka 40. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaopinga ubaguzi katika ajira. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi. Mwaka 2007 Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA, ikaanza kupokea migogoro.

Kifungu cha 7 cha sheria ya ajira ndicho kiini cha yote. Kinakataza kumbagua mtu kwa kabila, rangi, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri au Virusi vya Ukimwi, miongoni mwa sababu nyingine. Unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu hizo nao unahesabiwa kuwa ubaguzi. Mwajiri anatakiwa kusajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza usawa. Afisa kazi anaweza kuingia ofisini au kiwandani bila kutoa taarifa, akadai kumbukumbu, akahoji watu, na akikuta sheria imevunjwa akatoa amri ya kuitekeleza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliongeza kipimo cha kuhesabika: mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu.

Jambo zito zaidi limo katika ushahidi. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali kwamba amebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua, au kwamba sababu yake ilitokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe. Ndiyo kusema, aliyekuwa akimhoji manamba kuhusu siku zake sasa anahojiwa yeye.

Hata hivyo, mwajiri hahojiwi asiposhitakiwa, na dada aliyenyimwa cheo kwa kuwa ni mjamzito mara nyingi huona afadhali kibarua kuliko kesi. Anayenyamaza muda mrefu hukuta mlango umefungwa. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro CMA. Migogoro mingine ina siku 60. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunza mkataba wako, tunza barua zako, na hesabu siku zako. Manamba alihesabiwa 30 ili alipwe. Wewe zihesabu 30 ili usikilizwe.