Asumini za Uani: Kutoka Magogoni hadi Kariakoo

Kiswahili kimeyapa mambo mawili jina moja. Ua ni lile linalonukia, na ua ni ule uliozungushiwa ukuta au makuti nyuma ya nyumba. Ni katika wingi tu ndipo yanapoachana: haya maua, zile nyua. Mjini Dar es Salaam mawili hayo yamekaa pamoja muda mrefu, na katika maua yote yaliyopata kukaa uani, asumini ndiyo iliyokuwa bibi wa nyumba. Historia ya mji huu imezoea kuingia kwa mlango wa mbele, ule unaotazama bahari pale Magogoni. Asumini inataka ipitiwe mlango wa nyuma. Lakini hata mgeni wa uani hupita kwanza mbele akapiga hodi.

Magogoni ni ufuko ulio kwenye mlango wa bandari, penye kivuko cha Kigamboni, soko la samaki la Feri, na Ikulu. Kabla ya hayo yote palikuwa na kijiji cha Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliipenda bandari ile iliyojificha, akaanza kujenga kasri na nyumba za mawe. Alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Sayyid Barghash hakuushughulikia mji ule mchanga. Wajerumani wa kampuni walipofika mwaka 1887 walikuta mji uliosimama nusu. Mwaka 1891 wakaufanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo.

Mwaka 1893 ikaanzishwa bustani ya mimea chini ya Profesa Franz Stuhlmann, mtu yule yule ambaye mwaka 1902 alianzisha taasisi ya utafiti ya Amani, milimani Usambara. Bustani ile haikuwa ya kustarehe. Ilikuwa shamba la majaribio: mmea gani utastawi, upi utaleta faida, upi upandwe kwa maelfu bara. Maua na miti ya kivuli ilifuata nyuma ya mazao. Hata barabara kubwa ilipewa jina la miti, Unter den Akazien. Waingereza wakaifasiri kuwa Acacia Avenue, ikaja kuwa Independence Avenue, na leo ni Samora. Nyumba ya gavana pale Magogoni ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914, ikajengwa upya mwaka 1922 kwa mchoro wa John Sinclair, msanifu aliyekuwa amejaza Unguja kwa majengo yenye matao. Bustani yake ikawa na historia hadi ya ndege: mwaka 2020 marais wastaafu walipogawiwa tausi wa Ikulu, habari ilienea nchi nzima.

Basi bustani za mbele zina miaka yake ya kuzaliwa, zina waasisi, na kila mti una jina la Kilatini. Asumini ya uani haikuwekewa kibao. Hiyo ndiyo sababu ya kuiandika.

Mmea wenyewe si mwenyeji wa pwani hii. Mwasumini wa nyumba za Waswahili, wenye majani mazito ya kijani yasiyopukutika mwaka mzima na maua meupe kama lulu, asili yake ni upande wa Bara Hindi. Ulisafiri kwa majahazi kama ulivyosafiri mchele na nguo, na kila bandari iliyoupokea iliuvalisha kanzu yake. Neno lenyewe ni la Kiajemi, yasaman, lililopita kwa Waarabu likawa yasmin, likafika kwetu likawa yasmini, asmini, asumini. Waarabu wengi huliita ua hili ful. Mwaka 1753 Linnaeus aliliandika kwa jina la sambac, neno lililotokana na zanbaq, ambalo kwa Waarabu wa kale lilikuwa jina la mafuta ya asumini; na Aiton mwaka 1789 akaliweka katika jamii ya Jasminum. Waingereza nao huliita asumini ya Uarabuni, ingawa Uarabuni lilipita tu. Wafanyabiashara ndio waliolipa jina, na mfanyabiashara hutaja mahali aliponunua, hataji mahali kitu kilipoota.

Jambo kubwa zaidi kuhusu mwasumini huu ni kwamba ukipandwa na watu haubebi mbegu ila kwa nadra. Ndege hawausambazi, upepo hauupeperushi. Ili ufike kutoka nyumba moja hadi nyingine, hapana budi mtu akate tawi, mtu mwingine alipokee. Kila mwasumini uliopata kuota Dar es Salaam ulipewa. Mbele yake palikuwa na jirani, shangazi, somo, au mke mwenza aliyesuluhishwa, na nyuma ya huyo mwingine, na nyuma yao tena mwingine, hadi jahazini. Mti wa bustani ya serikali ulifika kwa hati ya meli. Mwasumini ulifika umefungwa katika kitambaa kilicholoweshwa maji.

Mapenzi ya asumini hayakuanzia Dar es Salaam. Bibi Salme binti Said, dada yao Majid na Barghash, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, ameeleza jinsi manukato yalivyokuwa sehemu ya maisha ya wanawake wa Unguja. Mji aliouanzisha kaka yake ulirithi tabia hiyo, ukaitoa majumbani mwa wakubwa na kuitia katika nyumba za watu wa kawaida. Na nyumba hizo zilizidi kuwa Kariakoo.

Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza waliouteka mwaka 1916 wakaukaza mgawo huo. Uzunguni palikuwa na nyumba zilizozungukwa na bustani, Uhindini palikuwa na maduka na ghorofa zilizogusana, na upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja wakawekwa Waafrika. Mahali penyewe palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalilainisha jina likawa Kariakoo. Viwanja vilipimwa kwa mraba, barabara zikanyooshwa kama uzi. Kwa mpimaji wa serikali bustani ilikuwa mali ya Uzunguni. Mtaa wa Waafrika uligawiwa kiwanja cha nyumba, basi.

Lakini nyumba ya Kiswahili ina hila yake. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi, huku na huku vyumba vitatu vitatu, na ukimaliza ukumbi unatokea uani: jiko, choo, kamba ya nguo, mtungi wa maji. Kwenye kona, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, ndipo mwasumini ulipowekwa. Mahali pale hapakuchaguliwa kwa uzuri. Ardhi ya Dar es Salaam ni mchanga usioshika maji, na kona ile ilikuwa na unyevu hata katika kiangazi cha Januari. Mmea ukafungiwa kamba au uchanja wa fito, ukapanda ukutani, ukawafichia wanawake choo na ukawapa wapangaji wa vyumba sita kivuli kimoja.

Wapandaji wa uani walikuwa na elimu yao. Tawi huchukuliwa lililokomaa nusu, lisiwe bichi wala gumu kama kuni, lenye pingili tatu. Majani ya chini hutolewa, pingili moja au mbili zikazikwa katika udongo uliochanganywa na mchanga, kivulini, masika yanapoanza mwezi wa Machi. Baada ya wiki nne hadi sita mizizi imeshika. Mmea unataka jua la nusu siku na zaidi. Kivulini hutoa majani matupu. Na kwa kuwa maua hutoka katika machipukizi mapya, mwenye huruma ya kutokata hupata ua chache. Mkasi ndio mbolea ya kwanza, samadi ya pili.

Maua huchumwa alasiri, yangali vifumba, kwani asumini hufunguka jioni na kumwaga harufu yake usiku. Asubuhi limekwisha legea, na mwisho huingia wekundu wa zambarau. Vifumba vilivyochumwa hutungwa uzi vikawa koja la shingoni au la nywele, au hushonwa pamoja na mrehani, mkadi na waridi vikawa kikuba, akakibandika mwanamke kifuani au kwenye kishungi. Vingine hutandazwa kitandani kwa bibi harusi, na vingine huachwa usiku kucha katika mafuta ya nazi ya kupaka nywele. Saa ya asumini, kwa hiyo, ni saa ya mwanamke aliyemaliza kazi. Si ajabu Shaaban Robert alipotafuta jina la kitabu chake kimoja cha mashairi akakiita Koja la Lugha: ushairi wetu na kazi ya kutunga uzi zina kitenzi kimoja.

Katika nyua hizo hizo ndimo vikundi vya wanawake vilimokutana. Dar es Salaam ilikuwa na vilabu vyake vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, vilivyoshindana kwa nyimbo na kwa mavazi, na chini yake kulikuwa na ngoma za mitaa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao leo ni wa Lumumba, chama kilikuwa cha wanaume wa barazani. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alianza kuwakusanya wanawake, na njia aliyoitumia ilikuwa vikundi hivyo vya ngoma. Wanawake waliozoea kupeana matawi, upatu na habari za misiba hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kupelekeana kadi. Wanaouandika mwaka ule huitaja mikutano ya Mnazi Mmoja, uani hawafiki.

Panafaa kusemwa neno juu ya asumini za mabaka, zile ambazo majani yake yamechorwa weupe au manjano pembezoni, zinazotafutwa siku hizi na wapenda bustani. Mabaka ya kweli hutokea pale sehemu ya chembechembe za ncha inayokua inapopoteza uwezo wa kutengeneza rangi ya kijani. Jani huwa zuri, lakini mmea huwa na njaa kidogo, maana kijani ndicho kinachopika chakula. Mara kwa mara huchipuza tawi la kijani kitupu, lenye nguvu kuliko ndugu zake. Lisipokatwa mapema huumeza mmea wote na mabaka yakapotea. Yapo pia mabaka ya uongo. Udongo wa pwani penye matumbawe na chokaa huunyima mwasumini chuma, majani yakawa manjano huku mishipa imebaki kijani. Huyo haitaji sifa, anahitaji samadi na majani yaliyooza. Aidha upo mmea mwingine unaotambaa, wenye maua meupe kama nyota na mara nyingi majani ya mabaka, ambao nchi nyingi huuita asumini ilhali si asumini. Asili yake ni Uchina na Japani. Robert Fortune aliutoa Shanghai mwaka 1844 akaupeleka Uingereza. Ukivunja tawi lake hutoka utomvu mweupe, kwani ni wa ukoo wa msanapiti. Mwasumini wa kweli hautoi maziwa.

Kwa habari ya mabaka, kama kwa habari ya mwasumini wote, hakuna mbegu ya kutegemea. Kilicho katika tawi hubaki katika tawi. Asipokuwapo wa kukata na kupokea, umri wa mmea ndio umri wa kitu chenyewe.

Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, kiwanja cha Kariakoo kimekuwa na thamani kuliko nyumba iliyo juu yake. Nyumba za vyumba sita zikavunjwa moja baada ya moja, yakapanda maghorofa yenye maduka chini, maghala katikati na wapangaji juu. Ghorofa hujengwa hadi ukingo wa kiwanja. Baraza ikageuzwa meza ya biashara, na ua ukageuzwa nguzo. Wajukuu wa nyumba hizo wakahamia Mbagala, Tabata, Kimara, wengine wakauza na kugawana. Waliohama kabla ya mvua walipoteza miasumini yao, kwa kuwa tawi lililokatwa kiangazi hunyauka njiani.

Na si mmea peke yake. Msichana wa leo anaweza kulijua neno jasmini kutoka katika kibandiko cha sabuni, lakini kikuba hakijui mpaka aelezwe, wala kishungi, wala tofauti ya koja na shada. Magogoni nako pamepungukiwa na shughuli, tangu serikali ilipohamia Dodoma na Ikulu ya Chamwino kuzinduliwa mwaka 2023. Lakini bustani ya Magogoni ina walinzi na watunzaji, na haiwezi kusahauliwa kwa bahati mbaya.

Ghorofani Kariakoo miasumini imeanza kurudi kwa ndoo za rangi na madebe yaliyotobolewa chini, ikiwekwa roshanini upande wa mashariki. Inataka kumwagiliwa kila siku, kwa sababu upepo wa kaskazi huikausha kuliko ulivyokuwa ukiikausha uani, na kila mwaka wa pili mizizi hujaa ndoo ikabidi ipunguzwe. Matawi yanayokatwa wakati huo hupewa wa ghorofa ya chini.