Injini ikizimika ndege ikipaa, rubani asigeuke

Hakuna wakati mgumu kwa rubani wa ndege ndogo yenye injini moja kuliko sekunde chache baada ya magurudumu kuachana na ardhi. Pua imeelekea juu, kasi ni ndogo na kimo bado ni haba. Injini ikizimika hapo, kishawishi kikuu ni kurejea uwanjani, kwani barabara ya ndege iko papo hapo nyuma yake. Kishawishi hicho kimewaua marubani wengi, wakiwemo wazoefu.

Ndege aina ya Cessna 172 isiyo na nguvu za injini huelea ikishuka kwa kasi ya takriban kilomita 120 kwa saa. Ikigeuka nusu duara huku imeinama nyuzi 30, itajikuta mita 400 au zaidi kando ya barabara, wala si juu yake, na italazimika kugeuka tena. Rubani akiona hafiki, huinamisha bawa zaidi na kuvuta usukani. Katika mwinamo wa nyuzi 60, kasi ya chini kabisa inayoziwezesha mbawa kuibeba ndege huongezeka kwa takriban asilimia 40. Akiikosa, ndege huporomoka ikizunguka, na karibu na ardhi hakuna nafasi ya kujinasua.

Kwa hivyo, kabla hata ya kutafuta chanzo, rubani hushusha pua mara moja ili kulinda kasi, kisha huchagua mahali pa kutua mbele yake, akikengeuka kidogo tu kukwepa vizuizi. Shamba au kichaka kinachofikiwa mbawa zikiwa sawa ni afadhali kuliko barabara isiyofikika.

Katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, tahadhari huhitajika zaidi. Hewa nyepesi huinyima injini ya kawaida zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake, na joto la adhuhuri huzidisha hali hiyo. Ndege hupanda polepole kuliko ingalipanda Mombasa, na kuna makazi ya watu karibu. Ndiyo maana rubani makini hujiambia kwa sauti, kabla ya kuondoka, atatua wapi na ni kimo gani ambacho chini yake hatageuka kamwe.

Muda ukiruhusu, hufunga mafuta, huzima umeme na kuacha milango wazi kidogo kabla ya kugusa ardhi, isije ikakwama na kuwafungia abiria ndani.