Mwenyeji, Raia na Mmiliki: Dhana za Msingi za Sheria katika Historia ya Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayejiandaa kusomea sheria aghalabu hudhani kwamba kazi iliyo mbele yake ni kuhifadhi vifungu. Vifungu vina nafasi yake, lakini msingi wa taaluma hiyo ni uwezo wa kutenganisha dhana ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kupitia historia ya wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, Masisi na Walikale, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko, kuchanganywa kwa dhana tatu, yaani uenyeji, uraia na umiliki wa ardhi, kumegharimu maisha ya watu.

Ikumbukwe kwamba lugha nayo huchangia mchanganyiko huo. Neno haki hubeba maana mbili: kile ambacho mtu anastahili kukidai, na uadilifu kwa jumla. Neno sheria hutumika kwa mfumo mzima na pia kwa tamko moja la bunge. Kwa hiyo, mtu wa Masisi asemapo kwamba haki yake imeliwa, mwanasheria hana budi kuuliza: ni haki ipi, imetokana na kanuni gani, na inadaiwa dhidi ya nani?

Hoja ya kisheria huwa na ngazi tatu: kanuni, tukio na hitimisho. Mathalani, kila aliyepewa hati na mamlaka halali ana haki ya kulitumia shamba lililotajwa katika hati hiyo. Fulani amepewa hati ya namna hiyo. Basi fulani ana haki ya kulitumia shamba hilo. Mabishano yanaweza kuhusu kanuni yenyewe, au ukweli wa tukio, au iwapo tukio hilo linaingia chini ya kanuni hiyo. Sehemu zinazofuata zinachunguza kila aina ya mabishano hayo kwa mfano wake.

2.0 Ardhi: kanuni mbili juu ya shamba moja

Katika nyanda za juu za Masisi, Wahunde waliishi chini ya mamlaka ya bami wao. Kwa mujibu wa mila, mtu aliyetaka kulima alipata sehemu ya ardhi kwa kuikubali mamlaka ya mwami na kumtolea kile kilichotakiwa na desturi. Alichopata kilikuwa haki ya kutumia, wala si kitu cha kuuza. Haki hiyo ilifungamana na uhusiano wa watu: aliyeukana uhusiano huo aliweka haki yake mashakani.

Kanuni ya pili ilitoka mbali. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Swali la ardhi ipi ni tupu liliamuliwa na dola yenyewe, na shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lingeweza kuhesabiwa kuwa tupu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa madaraka makubwa ya kuwagawia walowezi ardhi. Kisha, kati ya 1937 na 1955, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwahamishia Masisi makumi ya maelfu ya Wanyarwanda, kwa upande mmoja ili kupunguza msongamano nchini Rwanda, na kwa upande mwingine ili kuyapatia mashamba makubwa vibarua. Usultani wa Gishari uliundwa kwa ajili yao chini ya mtawala wa Kinyarwanda, na ukafutwa mwaka 1957.

Basi hoja mbili zilisimama juu ya shamba moja. Mhunde alisema: ardhi hutolewa na mwami, mkulima huyu hakupewa na mwami, basi hana haki. Mhamiaji alisema: ardhi ilikuwa ya dola, dola ndiyo iliyonileta na kuniweka hapa, basi nina haki. Kwa umbo, hoja zote mbili ni sahihi. Kosa haliko katika ngazi ya hitimisho, bali katika kutokubaliana kuhusu kanuni ya kuanzia. Mwenye kuwaita Wahunde wachoyo au wahamiaji wavamizi huwa hajalifikia swali hilo.

Baada ya uhuru, nchi ingeweza kuchagua kanuni moja. Sheria ya mali ya tarehe 20 Julai 1973 ilijaribu kufanya hivyo. Kifungu cha 53 kinasema kwamba ardhi ni mali ya dola peke yake, isiyoweza kuuzwa wala kupotea kwa kupita kwa muda. Kifungu cha 387 kinaingiza katika mali ya dola hata ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za matumizi zilizokwisha kupatikana kihalali juu ya ardhi hizo zingepangwa kwa amri ya rais. Hadi mwaka 2006, miaka 33 baadaye, amri hiyo ilikuwa haijatolewa. Katiba ya mwaka huo, katika kifungu cha 34, ilihakikisha mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, lakini nayo haikueleza namna ya kuzioanisha njia hizo mbili.

Athari za pengo hilo zilionekana mapema. Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa sera ya kutaifisha biashara na mashamba ya wageni, na mashamba mengi ya Kivu yakaingia mikononi mwa watu wenye uhusiano na watawala. Aliyezijua njia za ofisini aliweza kupata hati juu ya ardhi iliyolimwa na familia kadhaa. Mkulima, awe Mhunde au Mnyarwanda, alijikuta hana hati, wala hana mwami mwenye uwezo wa kumtetea.

Hata hivyo, sheria ikikaa kimya, hakimu haruhusiwi kukaa kimya. Amri ya tarehe 14 Mei 1886 iliagiza kwamba jambo ambalo halikutajwa katika sheria iliyotangazwa liamuliwe kwa mila za mahali, kanuni za jumla za sheria na uadilifu. Hii ni dhana muhimu kwa mwanafunzi: pengo katika sheria si ruhusa ya kutotoa hukumu, bali ni wito wa kutafuta kanuni ya chini yake.

3.0 Uraia: tukio moja, tarehe nyingi

Mfano wa pili unahusu kubadilika kwa kanuni baada ya tukio kupita. Katiba ya tarehe 1 Agosti 1964 ilimtambua kuwa raia mtu ambaye mmoja wa wazazi au mababu wake alikuwa wa kabila lililokuwa nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mwaka 1971 amri ya Machi 26 iliwapa uraia kwa pamoja watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa nchini ilipofika tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya Januari 5, 1972 iliisogeza tarehe: kwa Kivu, walitakiwa wawe wamekaa humo kabla ya Januari 1, 1950. Sheria ya Juni 29, 1981 ikarudi nyuma hadi Agosti 1, 1885, na amri ya mwaka 1982 ikabatilisha vyeti vilivyotolewa chini ya kifungu cha 1972. Sheria ya Novemba 12, 2004 hatimaye iliwatambua watu wa makabila yote ambayo watu na maeneo yao viliunda nchi iliyopata uhuru mwaka 1960.

Tuchukue familia ya kubuni iliyoletwa Masisi mwaka 1938. Kwa kipimo cha 1964 haikuwa ya raia. Kwa 1971 na 1972 ilikuwa ya raia. Kwa 1981 haikuwa tena. Familia nyingine iliyoletwa mwaka 1952 ilipata uraia mwaka 1971 na kuukosa mwaka uliofuata. Katika familia hizo hakuna aliyehama wala aliyetenda kosa. Kilichobadilika ni kanuni tu. Ndiyo maana wanasheria hushikilia kwamba sheria hutazama mbele, na kwamba haki iliyokwisha kupatikana haifutwi kwa kalamu ya baadaye bila sababu nzito na bila utaratibu wa kumsikiliza mhusika.

Mzigo wa kuthibitisha nao ulileta ugumu wake. Kivu walikuwamo pia wasemao Kinyarwanda ambao mababu wao walikuwa humo kabla ya mipaka ya kikoloni kuchorwa. Hao walitosha hata kwa kipimo cha 1885. Lakini ni nani mwenye cheti cha mwaka huo? Kanuni inayomtaka mtu athibitishe jambo lisilo na maandishi humnyima haki bila kusema kwamba inamnyima.

Sasa dhana tatu zinaweza kutenganishwa. Mwenyeji ni mtu wa mahali kwa kuzaliwa, ukoo au kukubaliwa. Hilo ni jambo la jamii na mila. Raia ni mtu wa dola. Hilo ni jambo la sheria ya nchi. Mmiliki, kwa maana ya mwenye hati, ni mtu mwenye haki juu ya kiwanja fulani. Chini ya sheria ya 1973, kifungu cha 80, haki ya kudumu juu ya ardhi hupewa raia peke yake, lakini mgeni anaweza kuwa na haki ya muda kwa mkataba. Kwa hiyo, hata kama mtu angepoteza uraia kihalali, isingefuata kwamba amepoteza kila haki ya kulima, seuze haki ya kuishi. Vivyo hivyo, uenyeji wa Mhunde au Mnyanga haukumpa hati yoyote.

Siasa za miaka ya 1990 ziliifupisha hoja hiyo ndefu: si mwenyeji, basi si raia, si raia, basi hana ardhi, hana ardhi, basi aondoke. Kila kiungo katika mnyororo huo kina kasoro. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea hadi Masisi. Maelfu ya watu wa pande zote waliuawa, na wengi zaidi wakakimbia makwao.

4.0 Jinai: kosa ni la nani?

Methali husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sheria ya jinai huikataa methali hiyo. Hatia ni ya mtu, si ya kabila wala ya kundi, na lazima ithibitishwe dhidi ya mtu huyo.

Usiku wa kuamkia Mei 10, 2009, kijiji cha Busurungi, Walikale, kilishambuliwa na wapiganaji wa kundi la FDLR, na raia wengi wakauawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilimchunguza Callixte Mbarushimana, katibu mtendaji wa kundi hilo. Tarehe 16 Desemba 2011 majaji wengi waliona kwamba zipo sababu za kuamini kuwa uhalifu ulitendeka katika baadhi ya vijiji, lakini hazikutosha kuonyesha kwamba yeye aliuchangia kwa kiasi kinachotakiwa. Akaachiliwa. Mjini Stuttgart, Ujerumani, rais wa kundi hilo, Ignace Murwanashyaka, alihukumiwa miaka 13 mwezi Septemba 2015. Mwaka 2018 mahakama ya rufani iliitengua sehemu ya hukumu iliyohusu kusaidia uhalifu wa kivita, naye akafariki mwaka 2019 kabla ya kesi kusikilizwa upya.

Mwaka 2010, kuanzia Julai 30 hadi Agosti 2, watu wasiopungua 387 walibakwa katika kijiji cha Luvungi na vijiji jirani, Walikale. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi la NDC, alijisalimisha mwaka 2017. Kesi yake ilianza mjini Goma Novemba 2018 mbele ya mahakama ya kijeshi, na Novemba 23, 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Wasomaji wengi huuliza kwa nini uhalifu uliokubalika kuwa umetendeka umwache mtuhumiwa huru. Jibu ni kwamba maswali ni mawili: je, uhalifu ulitendeka? na je, mtu huyu anawajibika? Ndiyo ya kwanza haitoi ndiyo ya pili. Kwa wahanga wa Busurungi jibu hilo ni chungu, na hawapaswi kuambiwa kwamba si chungu. Lakini mahakama inayoruka kutoka swali la kwanza hadi hukumu hufuata mantiki ile ile iliyotumika sokoni Ntoto: wenzako wametenda, basi nawe una hatia.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Masisi ilikuwa na mgongano wa kanuni, kwamba sheria za uraia ziliigeuza kanuni baada ya tukio, na kwamba kesi za Walikale ziligeukia uthibitisho wa wajibu wa mtu mmoja mmoja. Bila shaka utenganishaji wa dhana peke yake haurudishi shamba wala kuleta usalama. Hati hutolewa na ofisi, na hukumu hutekelezwa na dola yenye uwezo. Hata hivyo, mwanafunzi wa sheria akisikia kwamba fulani si mtu wa hapa, na kwa hiyo hana haki, anapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kukubali: hapa kwa maana ya mila au ya dola? Haki ya nini? Na nani anatakiwa kuthibitisha? Katika Masisi na Walikale, hitimisho lilikuja mara nyingi kabla ya maswali hayo kuulizwa.